Mtaro Mnyoofu Kuliko Yote Ureno

Vale das Rolas, Ureno
9 Februari 2019

Dada Aukje,

Mwaka huu tumekamua madumu kumi na moja ya mafuta ya zeituni, na wanakijiji wakipita kwenye lango letu wanavua kofia.

Haya, ni uongo, na mstari wa pili haujakauka. Zeituni tulizochuma zilijaa kofia moja, na kofia yenyewe ni yangu, na aliyeivua ni mimi. Mafuta yaliyotoka Reina ameyatia kwenye chupa ya dawa ya kikohozi akayaweka dirishani, tunayaangalia. Nilitaka tu uanze kusoma ukiwa na wivu kidogo.

Hujambo lakini? Masikio je? Nimeambiwa daktari amekupa kifaa kipya nawe umekilaza kwenye droo pamoja na kile cha zamani, vizungumze vyenyewe. Ndiyo maana nakuandikia kama watu wa kale. Kukupigia simu ni kuupigia ukuta kelele. Sisi tu wazima. Habari za mgongo wangu usiniulize mimi, uulize wenyewe, hatusemezani tangu Krismasi. Watoto nao: Hilda bado ni muuguzi kule Norwe na anasema anatukumbuka sana hasa mwisho wa mwezi. Douwe amehamia Utrecht kwa msichana wake, katuandikia barua nzuri ndefu kuulizia sufuria zetu za zamani. Sufuria, Aukje. Mimi na mama yake hatukutajwa.

Sasa shamba. Unamjua wifi yako Reina. Miaka ishirini na minane kampuni ya bima imemtuma kuajiri watu na kuwafukuza, mpaka mwishoni akirudi jioni anakaa ndani ya gari nusu saa nje ya nyumba yake mwenyewe kabla ya kuingia. Mimi katika jengo hilohilo nilikuwa nabadilisha taa na kuzibua vyoo vya wakurugenzi, na sina malalamiko. Choo hakikuandikii ujumbe siku ya Jumapili. Kwa hiyo bustani hii ni ndoto yake. Mimi nimebeba masanduku.

Amepanda miche arobaini: milimau, milozi, mitini na mikomamanga. Kila mmoja ana namba kwenye kibati. Na kwa kuwa ni mtu wa mikataba, ametuandikia mkataba, tumeutia sahihi jikoni: ikifika Oktoba na nusu ya miche imeshika, tunabaki huku mpaka tuzeeke. Isipofika nusu, tunarudi kwetu Friesland. Nyumba tumeshauza, nikamwambia, turudi wapi? Akasema, "Ndiyo maana nimeandika nusu, sikuandika yote."

Sina hofu, maana nimefanya kazi ya kiume. Mwezi mzima mvua imenyesha, shamba likawa tope la kuvuta viatu. Nikakumbuka shamba la baba. Nikachukua sepetu nikachimba mtaro, mita mia mbili, umenyooka kama uzi, kuanzia juu kisimani mpaka bondeni kwenye kijito. Maji yanatiririka humo, Aukje, ungeyaona! Kwa siku mbili shamba lote limekauka vizuri, unatembea na soksi. Jirani yetu mzee Adérito alikuja akasimama ukingoni muda mrefu, akautazama mtaro wote, kisha akaniambia maneno mengi kwa lugha yao. Sikuelewa hata moja, ila sauti ilikuwa ya mshangao mkubwa. Nikamjibu kwa neno nililonalo, obrigado, ndiyo asante yao, nikampa mkono. Ni vizuri mtu kusifiwa uzeeni.

Reina anakusalimu. Amelala. Analala sana siku hizi na nafurahi.

Ndugu yako,
Gosse


Wommels, Friesland
3 Machi 2019

Mdogo wangu Gosse,

Barua yako imefika ikiwa na doa. Natumai ni kahawa.

Huku hatujambo. Barafu ilishika siku mbili tu mwaka huu. Nikatoa viatu vya kuteleza, nikavipaka mafuta, nikavirudisha. Nina miaka sitini na tisa, ningevunjika nyonga, lakini nilitaka kunyimwa na daktari, si kunyimwa na hali ya hewa. Supu ya njegere napika ya watu sita kama zamani alipokuwepo mume wangu na watoto, kisha naila siku sita. Watu wa bodi ya maji wamepita tena kukagua mitaro yetu na wameniandikia barua kwamba wangu una majani. Mtu mzima wa serikali ameshuka kwenye gari kuyahesabu majani yangu.

Nimesoma habari za mtaro wako mara mbili. Baba angejivuna. Lakini niulize kitu kwa upole, maana mimi sijafika huko na najua jua la Ureno kwa picha za kadi tu. Hapa tunachimba kwa sababu bahari iko mlangoni na maji hayana pa kwenda. Huko ulikosema mnapata mvua mpaka Aprili na baadaye hakuna tone hadi vuli, hayo maji uliyoyapeleka kijitoni yanakwenda wapi? Na mwezi wa nane utayaita kwa jina gani yarudi?

Labda nimekosea. Mwalimu alisema sisi wawili tungefaulu kama tungegawana akili vizuri.

Jambo jingine. Reina ameniletea kadi. Mistari miwili: "Tuko salama. Jua ni zuri." Reina wa kuniandikia kurasa nne na nyongeza! Anacheka, Gosse? Usinijibu kuhusu miche, nijibu hilo.

Aukje


Vale das Rolas
30 Juni 2019

Dada,

Usihesabu miezi, posta ya huku hubeba barua kwa punda, na punda ana likizo. Sawa, hakuna punda. Nilichelewa mimi.

Natumai kiangazi chenu ni kizuri, kwamba mnalalamikia joto kwenye nyuzi ishirini na sita. Hapa saa nne asubuhi tumeshafunga madirisha yote, tunakaa gizani kama viazi. Hilda alikuja wiki moja, akalala, akala tikiti, akaondoka mwekundu. Mgongo umerudi kusema nami, na natamani ungenyamaza.

Miche inadondosha majani. Kumi na mitatu imekauka kabisa. Sababu ni nyingi. Kwanza yule aliyetuuzia miche ni tapeli, mizizi ilikuwa mifupi kama ndevu zangu. Pili kuna sisimizi wa hapa, wakubwa, wana tabia mbaya. Tatu upepo wa upande wa Hispania. Nne kondoo wa Adérito, ambao sijawaona wakila lakini nimewaona wakitazama.

Kisima kimeshuka. Ndoo inagonga jiwe kabla ya kugonga maji. Kwa hiyo tunaoga kwenye beseni na Reina anabeba yale maji ya kuogea kuipelekea miche, ndoo moja mkono huu na moja mkono huu, alfajiri kabla ya jua, akianzia namba moja. Nimemwambia nimsaidie, akasema mgongo wako. Basi mimi hukaa barazani nikimtazama akiteremka na kupanda. Anapofika namba kumi na saba huweka ndoo chini na kusimama kidogo. Sijui huwa anafikiri nini pale.

Uliuliza kama anacheka. Alicheka mwezi wa tatu, nilipoanguka kwenye tope.

Usiniulize habari za mtaro.

Gosse


Wommels
14 Julai 2019

Gosse,

Wote wazima. Nyuzi ishirini na saba, na ndiyo, tunalalamika. Nimeacha salamu hapo, maana leo sina nguvu ya kuzunguka.

Sikukudai jibu la mtaro. Naikumbuka barua yangu ya Machi, nilichotaka unijibu ni kama mkeo anacheka, na maji nikayagusa kidogo tu. Wewe ndiye umeurudia mtaro, mwishoni, peke yake, baada ya sisimizi. Tangu ukiwa na miaka sita ndivyo unavyofanya. Ukivunja sahani unaingia chumbani na kusema, "Hakuna sahani iliyovunjika."

Unajua. Nami najua kwamba unajua.

Sasa nikwambie nami nililonyamazia tangu mwezi uliopita. Reina ameniandikia tena, safari hii kurasa tatu. Ameuliza kama chumba cha juu ni kitupu kuanzia Oktoba. Ameuliza kwa mtu mmoja. Hakusema neno baya juu yako hata moja, na hilo ndilo lililonitisha. Amewaandikia watu barua za kuachishwa kazi miaka ishirini na minane, anajua kuandika bila kumuumiza mtu.

Nilimjibu. Nilichomjibu sikwambii, ni mambo yangu na wifi yangu.

Anafikiri miche inakufa kwa sababu yeye hajui kuitunza. Ameandika hivyo: "Nadhani mimi si mtu wa kuotesha." Je, utamwacha aamini hilo? Amebeba ndoo ngapi tangu uanze kujua?

Mwambie.

Aukje


(Kadi ya posta, picha ya kanisa)
1 Agosti

Aukje, barua yako imefika. Leo nyuzi arobaini na moja. Miche iliyokauka ni ishirini na miwili sasa. Nitajibu. G.


(Kadi ya posta, picha ya ng'ombe)
20 Agosti

Bado nasubiri. Chumba nimekipaka rangi. Ni nyeupe, usijipe matumaini wala usiyakate. A.


Vale das Rolas
24 Septemba 2019

Dada Aukje,

Salamu kwanza, maana mama alisema hata mtu anayenyongwa husalimia. Natumai umevuna maharage yako na kwamba yule mtu wa bodi ya maji ameridhika na majani. Douwe amepata sufuria; nilizituma kwa posta, zimemfikia, hajatuma asante, yu mzima basi. Mimi mikono imetoka malengelenge, kalamu inateleza. Vumilia mwandiko. Ulikuwa mbaya hata kabla ya malengelenge.

Sikumwambia, Aukje. Nataka ulijue hilo kwanza. Barua yako ilikaa mfukoni mwangu wiki tano, ikalowa jasho mpaka ikawa laini kama kitambaa, na kila asubuhi nikasema leo, akishamaliza ndoo. Akishamaliza ndoo alikuwa amechoka. Nami sikutaka kumwongezea. Ndivyo nilivyojiambia, na ilikuwa sababu nzuri, ilinitosha kila siku.

Aliyemwambia ni Adérito. Alikuja Jumapili moja mwanzoni mwa mwezi huu na tikiti kwapani. Reina alikuwa chini kwenye miche. Reina anajua lugha yao sasa, amejisomea na daftari na mitihani ya kujitungia. Niliwaona wamesimama ukingoni mwa mtaro wakizungumza, mzee anaonyesha juu kisimani kwa kidole, kisha chini kijitoni, kisha tena juu. Wakarudi barazani. Reina akakata tikiti vipande vitatu, sawasawa kabisa, akakaa.

"Gosse, Adérito anasema alikuuliza swali mwezi wa pili."

"Alinisifu."

"Alikuuliza, 'Jirani, mbona unayafukuza maji?' Anasema ulimshukuru."

"Basi sikuelewa."

"Anasema ulimpa mkono mara mbili."

"Mara moja."

Adérito akainua vidole viwili. Mzee yule hajui neno la kwetu hata moja, lakini alijua tunachohesabu.

Nikamwambia Reina amuulize basi wao hufanyaje, wenye akili. Mzee akaeleza kwa muda mrefu, anachora mezani kwa maji ya tikiti. Wao huweka mawe kukingama mteremko, mstari chini ya mstari, mvua isimame, izame polepole, na kisima kiipate kiangazi. Baba yake alifanya hivyo na babu yake. Nikasema, "Mwambie baba yangu naye alichimba mtaro mnyoofu, na bodi ya maji ilimpa cheti." Reina hakutafsiri.

Adérito alipokwisha kwenda, Reina aliniuliza, bila kupandisha sauti, kama nilivyowahi kumsikia mlangoni mwa ofisi yake nikiwa juu ya ngazi na taa mkononi:

"Ulijua lini?"

Ningeweza kusema leo. Ulimi ulikuwa tayari, Aukje, unanijua. Lakini barua yako ilikuwa mfukoni.

"Mwezi wa tano," nikasema. "Nilishuka kisimani kutazama, nikaona."

"Mwezi wa tano."

"Naam."

"Mimi nimeanza ndoo mwezi wa sita."

Akasogeza pembeni kipande chake cha tikiti.

"Ungeniambia mwezi wa tano tungeagiza gari la maji mara mbili kwa wiki. Tungeokoa nusu. Na tungecheka, mzee wangu! Mtu katoka Friesland kuja kukausha Ureno! Ningecheka mpaka leo." Hakuwa anacheka. "Mtaro si kitu. Lakini ulikaa hapa barazani ukanitazama nikipanda na kushuka, nikidhani mkono wangu ndio unaoua, ukaniambia ni sisimizi."

Nikaokota maganda ya tikiti.

Kesho yake nikachukua sepetu nikaanza kuuziba. Udongo niliotoa Februari umekuwa mgumu kama saruji, naupiga kwanza kwa sururu ndipo naurudisha. Nimefukia mita mia moja na thelathini. Adérito huja na kiti chake, anakaa kivulini, ananionyesha kwa fimbo wapi pa kuweka mawe. Ninachoelewa sasa ni neno lake la "hapana". Siku ya nne aliuliza, Reina akatafsiri kutoka dirishani, maana kwa mambo ya tafsiri bado anasema nami, "Anauliza kama kwenu maji ni adui." Nikasema mwambie ni kama shemeji, ukimkaribisha haondoki. Nilimsikia ndani akitoa pumzi puani. Haikuwa kicheko. Nimeihesabu hata hivyo.

Jioni Reina husimama mwisho wa pale nilipofikia, anatazama, anaingia ndani. Jana alinitolea glavu zake za bustani. Hazinienei.

Miche iliyobaki hai ni tisa. Nusu ya arobaini ni ishirini, hesabu hiyo hata mimi naiweza. Karatasi ya mkataba bado ipo jikoni na hakuna aliyeigusa, wala yeye hakuitaja. Ameandika nyingine, ukurasa mzima: namba gani ipewe ndoo ngapi, siku zipi, na nini nifanye mvua ya kwanza ikija. Juu ameandika "Gosse", amepigia mstari. Amenielekeza mara mbili kwa mkono wake jinsi ya kumwaga, taratibu, mbali na shina.

Alhamisi ya tarehe tatu anakuja kwako. Anasema anahitaji mahali ambapo akiamka hakuna ndoo. Nimeiona tiketi, nayo ni ya kwenda tu. Nilimuuliza, akasema za kurudi huwa rahisi mwezi wa kumi na moja. Yawezekana ni kweli, yeye ndiye mjuzi wa bei. Yawezekana pia ni barua yake nyingine isiyoumiza. Nimechoka, dada, na sina nguvu ya kuichambua. Mimi nabaki. Lazima mtu aimwagilie hiyo tisa, na zimebaki mita sabini, na nataka akirudi, kama atarudi, akute mvua imesimama juu ya shamba na haiendi popote.

Sitakuuliza ulimjibu nini Julai.

Ila nina dai. Mwaka 1965 baiskeli ya mchungaji ilionekana mferejini, gurudumu juu, na baba akauliza mezani ni nani. Ulikuwa na miaka kumi na mitano na kitambaa kipya cha kichwa, na ulikuwa unamwendea yule kijana wa kiwanda cha jibini. Nikasema ni mimi, nawe unajua ni nani. Nilikaa Jumapili sita benchi la mbele, mchungaji akinitazama kila alipofika kwenye Shetani. Hujanilipa mpaka leo, nami sijawahi kudai.

Nadai sasa, kidogo tu. Reina akifika, usimpende sana. Najua utataka. Utataka kumwashia moto chumbani tangu asubuhi, kumpikia ile supu ya watu sita, kukaa naye mpaka alie. Usifanye. Mfanyie kama mama alivyowafanyia wageni ili wakumbuke kwao: kahawa moja, umfungulie bati la biskuti, achukue.

Moja, Aukje. Halafu lifunge, aone ukilifunga.

Gosse